Damu Haingoji Mwandiko

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari ikifika soko la Karatu huongezwa pilipili: nilipuliza chipu kwa mdomo.

Ninyi mnaosoma maabara mmeshaanza kucheka. Wengine subirini niwaeleze, mcheke baadaye. Chipu ninayosema ni kipande cha plastiki angavu, ukubwa wake kama kitambulisho cha taifa. Ndani yake kuna njia nyembamba kuliko unywele, zimepindapinda kama njia za mchwa ndani ya ubao. Unaweka damu kidogo upande mmoja, pampu ndogo inaisukuma, na humo ndani chembe zinapasuliwa, uchafu unaoshwa, na upande wa pili yanatoka majimaji maangavu kama ya kisimani. Humo ndimo vilimo vinasaba vya mtu, safi, vinasubiri kupimwa. Kazi ambayo zamani ilitaka chumba kizima na mashine inayonguruma kama ya kusaga mahindi, leo inafanyika juu ya kiganja. Mimi nimestaafu na bado nikiisimulia nasimama kwenye kiti.

Sasa, wiki yangu ya kwanza na chipu hizo, kipovu cha hewa kikakwama njiani. Kipovu kwenye njia kama zile ni lori lililolala katikati ya mlima: hapiti mtu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa Rhotia hukifanya pua ya jiko la mafuta ikiziba. Nikapuliza. Kipovu kikatoka. Nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Sampuli ile ilikuwa ya bibi mmoja mwenye wajukuu lukuki. Majibu yakarudi kutoka maabara kubwa yakisema ndani ya damu yake wamo watu wawili, na mmoja wao ni mwanamume.

Neema ndiye aliyekuja kuniuliza. Huyu alikuwa binti wa mradi uliotuletea zile chipu, mtoto wa Arusha, mhandisi, umri wa kitinda mimba wangu. Aliniita "mzee wangu" kwa sauti ambayo huwezi kujua kama ni heshima au ni mashtaka.

"Mzee wangu, huyu mwanamume aliyemo kwenye damu ya bibi, unamfahamu?"

Nikasema simfahamu.

"Basi kajitazame kwenye kioo."

Mate yangu, jamani. Nilikuwa nimejiingiza kwenye ukoo wa watu kwa pumzi moja. Tulimwita bibi tena, tukamwomba radhi, tukachukua damu upya. Akaniambia hana tatizo, ila mumewe marehemu alikuwa mrefu zaidi yangu.

Jina langu ni Safari. Kwetu Wairaqw ni jina la kawaida, hupewa mtoto aliyezaliwa mama akiwa njiani. Mama yangu alikuwa njiani kutoka shambani, hatua kama mia mbili kutoka mlangoni petu, na nadhani huo ndio umbali niliourithi. Sipendi kutoka. Nikilala nje ya Rhotia tumbo linakataa chakula na shingo inakataa mto. Watalii wanapita barabara yetu kutoka pande zote za dunia kwenda kuiona kreta, na mimi niliyezaliwa hapa nilifika umri wa kuwa babu bila kuiona. Nilikuwa nawaambia watu nasubiri wapunguze foleni.

Nilimaliza kidato cha nne na mwandiko mzuri. Huo mwandiko ndio ulionipa kazi, na mnisikilize vizuri hapa, maana huo huo ndio ulionitia aibu. Nilianza kuosha chupa kwenye maabara yetu ndogo ya Karatu chini ya Mama Anastazia, mama wa Mbulu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa. Aliyekuwa akiandika majina kwenye chupa za damu aliandika kama kuku aliyekanyaga wino. Siku moja chupa mbili zikabadilishana wenye damu, mtu wa homa akapewa majibu ya mjamzito. Mama Anastazia akaja chumba cha kuoshea, akanipa kalamu, akaniambia niandike jina langu. Akalitazama. Kuanzia siku hiyo sikuosha tena chupa.

Sheria yake ilikuwa moja, na aliisema kila asubuhi kama sala: damu isiyo na jina ni damu ya mtu yeyote. Usigeuke, usikohoe, usimsalimie mtu kabla hujaandika. Mimi niliishika kwa mikono miwili. Niliandika majina matatu, kijiji, kata, tarehe na saa, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Majina yetu ya Kiiraqw yana herufi za kutosha kujengea uzio, na sikuacha hata moja. Wauguzi walikuwa wanaleta wageni waone chupa zangu. Nilijivuna, ndiyo. Mtu asiyesafiri lazima awe na kitu cha kujivunia pale alipo.

Basi chipu zilipofika nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, na nilidhani nimeshajifunza kila kitu ambacho damu inaweza kumfundisha mtu. Kumbe chipu ile ilikuwa imekuja kunisahihisha daftari.

Kwanza ilikataa sweta langu. Asubuhi za Karatu mwezi wa saba mnazijua, ukungu unaingia hadi mfukoni, na mke wangu alikuwa amenifumia sweta la sufu la kijani. Kila nikiinama juu ya chipu, uzi mmoja usioonekana unadondoka. Uzi wa sweta kwenye njia ya unywele ni gogo mtoni. Neema akanivua sweta mbele ya watu akanivika koti jeupe, nikawa natetemeka kama kifaranga.

Kisha ikakataa baridi yenyewe. Yale majimaji ya kuoshea yakiwa baridi yanakuwa mazito, hayataki kutembea. Vitabu vya mradi vilisema chumba kiwe na joto la wastani, lakini vitabu vile viliandikwa na watu ambao hawajawahi kuamka Rhotia. Nikaanza kuziweka zile chupa ndogo kwapani nikinywa chai, dakika za kutosha kikombe kimoja. Neema aliponikuta akauliza nina nini. Nikamwambia nina mayai. Tangu siku hiyo na yeye akawa anatamia.

Na vipovu, vijana, hamvitoi kwa nguvu. Unainamisha chipu kidogo, unaigonga kwa ukucha, mara mbili, polepole, kama unayebisha hodi kwa mkwe. Kipovu kinapanda chenyewe. Hili hakunifundisha mtu. Nililipata baada ya kuharibu chipu tatu kwa hasira.

Ilipokubali, hata hivyo, mngekuwepo! Neema alikuwa na lenzi iliyounganishwa na simu yake. Unaona damu inaingia kwenye mfereji mmoja, mfereji unagawanyika kuwa miwili, minne, minane, na kila chembe inashika njia yake kama wanafunzi waliosikia kengele. Miaka yote nilitazama damu iliyokufa kwenye kioo cha hadubini. Hapa nilikuwa naitazama ikitembea. Nilichelewa chakula cha mchana, mimi, ambaye sijawahi kuchelewa chakula.

Sasa niwaambie kuhusu Naserian.

Alikuja kutoka Arash, kule Loliondo, yeye na mwanawe Saitoti, wamelala njiani usiku mmoja kwa ndugu zao. Mama mrefu, ana shanga shingoni na simu ya tochi mkononi. Kijana alikuwa amemfikia bega, kimya, anatazama kila kitu kama anayekihesabu. Daktari wetu akaniita nisikilize, kwa kuwa ni mimi ningechukua damu.

Naserian alieleza kwa maneno machache. Kaka yake, mtoto wa mama yake, alitahiriwa na wenzake wa rika. "Siku ya kwanza damu ilisimama," alisema. "Siku ya pili ikafunguka. Siku ya nne hatukuwa naye." Na mjomba wa mama yake, hivyo hivyo. Sasa Saitoti amefika umri. Siku ya rika lake imeshapangwa na wazee, na ni mwezi ujao.

Daktari alimweleza ugonjwa wenyewe, damu isiyojua kuganda. Wanawake huubeba bila wao kuugua, wavulana wao ndio huugua, lakini si wote. Mtoto wa kiume anaweza kupewa na mama yake kinasaba kibovu au kizima, ni kama kuingiza mkono kwenye kibuyu chenye mbegu mbili. Akiwa anao, asikatwe nyumbani. Apelekwe hospitali kubwa, apewe dawa ya kugandisha, akatwe huko. Akiwa hana, aende na wenzake.

Mnaweza kuuliza, si mpime tu damu inavyoganda? Kipimo hicho kinataka damu mbichi ifike haraka maabara kubwa, na kutoka Arash hakuna kitu kinachofika haraka isipokuwa vumbi. Vinasaba ni vivumilivu kama punda. Ukishavitoa kwenye damu na kuvisafisha, vinasafiri bila barafu na havinung'uniki. Kwa hiyo ilikuwa ni chipu au kubahatisha.

Na baba yake Saitoti alikuwa ameshasema neno lake, Naserian akatufikishia. Karatasi ikifika kabla ya siku, ataisoma na kuifuata. Isipofika, mwanawe hatabaki layoni, mvulana asiyetahiriwa, huku wenzake wote wamekuwa wanaume, kwa sababu ya ugonjwa wa kudhaniwa tu. Sikumlaumu. Na kwetu mwana akiachwa na rika lake ni jeraha.

Nikachukua damu ya wote wawili, ya mama na ya mwana, kwenye tyubu zenye kifuniko cha zambarau. Hizo zina dawa ya kuzuia damu isigande. Nikaandika majina yao kwa ufundi wangu wote. Naserian alinitazama nikiandika, na mimi, mjinga, nikadhani anausifu mwandiko.

Wakaondoka alfajiri iliyofuata. Saa tatu nikaweka damu ya Saitoti kwenye chipu. Ikaziba.

Nikainamisha, nikagonga kwa ukucha. Haikwenda. Nikaweka ya mama kwenye chipu ya pili. Ikaingia, ikafika kwenye njia panda ya tatu, ikasimama kama punda aliyeona daraja. Neema akaleta lenzi. Ndani ya njia palikuwa na vibonge vidogo vya damu iliyoganda, vidogo mno, jicho halivioni.

Kwenye boksi tulikuwa tumebakiwa na chipu mbili. Nyingine zingekuja na meli na mihuri ya forodha, yaani baada ya siku ya Saitoti.

Neema akampigia Naserian kumweleza. Mama yule akasikiliza, halafu akauliza swali ambalo daktari alilisifu baadaye: kama damu ya mwanangu imeganda kwenye chombo chenu, si ina maana inaganda? Kabla Neema hajajibu, Naserian akajijibu mwenyewe. Ya kaka yake nayo iliganda, siku ya kwanza. Daktari alishatueleza: kuna wenye ugonjwa mkali na kuna wenye mwepesi, na huo mwepesi ndio mwongo zaidi.

Hawezi kurudi Karatu, alisema. Nauli ya kwanza ilikuwa mbuzi wawili, na maandalizi yameshaanza. Neema akakata simu akanitazama. Nilijua kabla hajasema. Nikaanza kueleza habari za tumbo langu.

"Mzee wangu," akasema, "tumbo lako tutalifunga mkanda wa gari."

Mke wangu alinifungia mto wangu, blanketi, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, na ndizi ambazo zingetosha kufika Kongo. Jirani yetu Mama Basili, ambaye shamba lake na letu vinagawana mstari mmoja wa minyaa, akasimama mlangoni kunitazama nikipakia. Akauliza kama nahama. Mama huyo hana maneno ya mapambo. Tumezeeka naye, damu yake na ya watoto wake wote imepita mikononi mwangu, na hajawahi kunisifia chochote.

Tukapita lango la hifadhi, tukapanda ukingo wa kreta. Hiyo kreta yenyewe sikuiona, ukungu ulikuwa umeifunika kama sufuria ya wali. Neema akasema tusimame nipige picha. Nikamwambia tusonge, nitaiona nikifa. Tukashuka tambarare, vumbi jeupe likaingia hadi kwenye meno. Boksi la chipu nililipakata mwenyewe, nimelivalisha mifuko miwili ya nailoni na lile sweta la kijani juu, maana sasa palikuwa na mfuko katikati. Chupa za majimaji ya kuoshea zilikuwa kwapani. Sikula ndizi hata moja.

Tulifika Arash mchana. Kulikuwa na zahanati yenye chumba kisafi na meza, na mashine yetu, iliyo na ukubwa wa chombo cha chakula cha mchana, ilitaka umeme wa betri ya gari tu. Naserian alikuwa anatungoja na Saitoti. Nje walikaa wanaume watatu na fimbo zao, mmoja wao baba wa kijana. Alitusalimia kwa adabu, hakuingia.

Nikafunga mkono wa Saitoti, nikapata mshipa mara moja. Hilo najisifu nalo, na hakuna atakayeninyang'anya. Tyubu ikajaa. Nikailaza juu ya meza, nikachukua kalamu, nikaanza: S, a, i...

"Mzee," Naserian akasema. "Unafanya nini?"

Nikamwambia naandika jina la mwanawe ili damu isipotee.

"Inapotea sasa hivi. Umeilaza."

Nikatabasamu, lile tabasamu la mtu wa ofisini. Nikamweleza taratibu kwamba tyubu hii ina dawa ndani yake, damu haiwezi kuganda, asiwe na wasiwasi.

Akaichukua tyubu mezani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Dawa yako iko pembeni, imepakwa kwenye ukuta. Damu iko katikati. Zimekutana saa ngapi?"

Akaniambia yeye tangu msichana ndiye aliyekuwa akishika kibuyu wakati kaka zake wanapomtoa ng'ombe damu. Mshale mdogo unagonga mshipa wa shingo, damu inaruka, na mwenye kibuyu anaanza kukoroga kwa kijiti pale pale, tone la kwanza. Haitikii salamu. Haangalii nani amekuja. Ukichelewa hata kidogo unakuta nyuzi ndani, na ukishaziona za nje, za ndani zimeshakuwa nyingi. "Kule Karatu ulitulaza mezani sisi wote wawili," alisema. "Uliandika, ukaandika. Nilidhani nyie mna namna yenu."

Vijana, nawaambia kweli, nilisikia masikio yangu yakipata moto. Nilijua kugeuza tyubu. Kila mtu wa maabara anajua: unaigeuza juu chini, polepole, mara nane au kumi. Niligeuza maisha yangu yote. Ila niligeuza baada ya kuandika. Majina matatu, kijiji, kata, tarehe, saa, halafu ndiyo nageuza. Sheria ya Mama Anastazia ilikuwa nzuri, mimi nikaifanya iwe ya kwanza kuliko damu yenyewe. Na damu ilikuwa inanisamehe, kwa sababu kwenye kioo cha hadubini kibonge kidogo kinapita tu bila kuonekana. Mpaka ilipokuja njia nyembamba kuliko unywele. Hiyo haikunisamehe.

Nikamtazama Neema. Mhandisi mzima alikuwa anatazama sakafu. Baadaye aliniambia naye hakuwahi kuona, kwa kuwa damu ilimfikia ikiwa imeshaandikwa vizuri.

Tyubu ile hatukuweza kuiamini tena, na chipu ni mbili, moja ya kijana, moja ya mama. Ikabidi nimwombe kijana mkono wa pili, na hilo lilinitisha kuliko safari, kwa sababu kama ugonjwa anao kila tundu ni deni. Tukabana la kwanza kwa pamba muda mrefu, mimi mwenyewe nimeshika, mpaka vidole vikafa ganzi. Nikamwomba radhi.

"Choma tu, babu," Saitoti akasema. "Mwezi ujao nitakatwa, na huyo hataomba radhi."

Nikachoma. Tyubu ilipojaa sikuiweka popote. Naserian alikuwa ameshanyoosha mkono, nikampa. Akaigeuza juu chini, juu chini, bila haraka, bila kuitikisa, kiganja chake kikienda kama kinachobembeleza mtoto. Msiitikise kamwe, hilo nalo mlishike: vinasaba ni nyuzi ndefu, ukitikisa zinakatika, na ugonjwa huu wakati mwingine husomwa kwenye ule urefu. Neema alihesabu. Ndipo nikaandika, pale pale mbele ya mgonjwa. Jina na namba basi. Mwandiko ulitoka mbaya, na ndiyo tyubu ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kisha ya mama. Hiyo aliigeuza Saitoti.

Tukaweka ya kijana kwenye chipu. Nikainama na lenzi. Mstari mwekundu ukaingia mfereji wa kwanza. Ukagawanyika. Ukafika kwenye njia panda ya pili. Ya tatu nilifumba macho, mtu mzima na ndevu zangu, na niliyafumbua kwa sababu Neema alinipiga begani. Ilikuwa imepita. Njia zote nane zilikuwa nyekundu, zinatembea, hakuna hata moja iliyosita. Ya mama nayo ikapita, yote.

Naserian akaomba kutazama. Akaziba jicho moja, akainama.

"Ng'ombe," akasema. "Wanaenda kunywa maji, mstari mmoja mmoja."

Akamwita mumewe aingie. Yule baba akainama, akatazama, akamwita na mwenzake. Chumba kile kidogo kikajaa wanaume waliokuwa wanangoja zamu ya kuona damu ya kijana wao ikitembea, na mimi niliyesimama katikati nikiwaelekeza pa kuweka jicho sikukumbuka tumbo langu hata mara moja. Usiku ule nililala Arash bila mto, niliusahau garini.

Vinasaba vyao vikapelekwa maabara kubwa, na majibu yalichukua siku kumi na moja. Nilikuwa nahesabu kama mahabusu. Siku ya Saitoti ilikuwa imebaki wiki moja kamili daktari aliponiita ofisini, akampigia Naserian, akaweka sauti ya wote.

Ugonjwa upo kwake, alimwambia, yeye anaubeba. Saitoti hana. Mkono wake kwenye kibuyu ulishika mbegu nzima.

Kisha Naserian akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu mabinti zake wawili. Daktari akamwambia wao nao huenda wanaubeba, na wakifika umri wa kuolewa waje wapimwe, sasa tunajua cha kutafuta. Akasema sawa. Akamwomba daktari arudie lile la Saitoti. Daktari akarudia. Akaomba tena, na safari hii nikasikia upande ule watu wengine wakisikiliza.

Karatasi ikaenda na gari la kwanza, na baba yake akaisoma, kama alivyosema.

Siku yenyewe ilipofika sikufanya kazi ya maana. Siku ya pili nayo, maana ndiyo iliyokuwa ikiogopwa. Siku ya tano simu yangu ikaita nikiwa napalilia maharage. Alikuwa Naserian. "Imesimama," alisema, "na imebaki imesimama. Ameomba nyama." Nikakaa chini kwenye tuta, juu ya maharage ya mke wangu. Aliniuliza baadaye ni mnyama gani amelala pale.

Kwa muda niliobakiza kazini, niliwafundisha waliokuja nyuma yangu kwa mpangilio mmoja: chukua, geuza, andika, na usibandue miguu hapo mgonjwa alipo mpaka yote matatu yaishe. Mama Anastazia alikuwa ameshatangulia mbele za haki, lakini nadhani angekubali, baada ya kunigombeza.

Jumapili baada ya simu ile, tukitoka kanisani, niliisimulia habari yote kwa majirani. Niliisimulia vizuri, kama nilivyowasimulia ninyi: lori la kipovu, vumbi, ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, kijana aliyeomba nyama. Watu walishika vichwa, wengine wakanipa mkono. Mke wangu akajinyoosha kitenge. Mama Basili alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, mkono kiunoni, kisha akasema:

"Kwa hiyo miaka yote ile ulikuwa unakosea, Safari, na sisi ndio uliokuwa unatupima."